Marehemu Aliyehamia Kwetu Saltley

Mwezi uliopita fundi alikuja nyumbani kwangu Great Barr kubomoa ukuta ulio chini ya ngazi, maana nilitaka kuongeza nafasi jikoni. Alipotoa matofali ya kwanza, harufu ikamtangulia: chokaa iliyokauka, vumbi la makaa ya mawe, na ule ubaridi wa mahali ambapo hewa haijapita kwa miaka mingi. Nilimwomba asubiri kidogo. Nikatoka nje, nikasimama kando ya mapipa ya taka mpaka moyo ukatulia. Fundi alidhani nimeona panya. Ninyi wa rika langu, mliokulia katika vyumba vya kupanga vya mji huu wa Waingereza, huenda mna harufu zenu. Yangu ni hiyo, na kila ikinijia huja na mtu.

Tulikuwa tumetoka Voi si muda mrefu. Mama alikuwa muuguzi hospitalini, Baba akifanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni. Nyumba ilikodishwa na mwanamke wa Kihispania aliyeitwa Consuelo, aliyefua mashuka katika hospitali ile ile ya Mama, naye akatupangisha vyumba viwili vya chini. Yeye alikaa juu. Jikoni tulipika kwa zamu. Mimi nilimwita Anti Consuelo. Hakuwa na mume wala mtoto, na juu ya jiko alikuwa ameweka picha ya kijana mwenye masharubu membamba. Kila mwaka majani yalipopukutika aliiwashia mshumaa. "Ni baba yangu," aliniambia. "Alikufa vitani kabla sijajua kutembea." Vita hivyo vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, huko kwao, na walioshinda ndio waliokuwa bado wanatawala, chini ya Jenerali mmoja ambaye Anti hakupenda kulitamka jina lake.

Siku moja alipata habari kwamba mama yake amefariki, akasafiri kwenda kuzika. Siku chache baadaye nilikuwa sakafuni nikichora, Mama akipiga pasi sare yake, nikasikia maneno ambayo hayakunitoka tena.

"Consuelo anarudi kesho kutwa," Mama alimwambia Baba. "Haji peke yake. Anakuja na babake."

"Babake si alikufa? Si ndiye yule wa kwenye picha?"

"Ndiye huyo huyo. Amekuwa marehemu miaka thelathini. Sasa ametoka."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua acheke au anyamaze. "Na atalala wapi?"

"Kile chumba kidogo cha juu."

Wakaendelea na habari za kuni na mvua za nyumbani, kama watu waliozungumza jambo la kawaida. Mimi Kiswahili nilikisikia vizuri, ingawa siku hizo nilizoea kukijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi, na nilichoelewa ni kile kilichosemwa: mtu aliyekufa atahamia kwetu.

Alifika jioni, ukungu umeshuka, ukiwa na ile harufu ya kiwanda cha gesi iliyokuwa hewa yetu ya kila siku Saltley. Anti Consuelo aliingia kwanza. Nyuma yake akaingia yule kijana wa kwenye picha, ila alikuwa kama mtu aliyefuliwa pamoja na mashuka ya hospitali mpaka rangi yote ikatoka. Ngozi yake ilikuwa nyeupe ya nta. Macho yalitoka machozi kwa sababu ya taa. Aliutazama mlango mpaka ulipofungwa, kisha akapita kando ya ukuta, bega likiugusa, akapanda juu, na mimi niliyekuwa nimesimama pale pale sikusikia hatua hata moja. Usiku huo Anti aliondoa picha juu ya jiko. Ukutani ilibaki alama ya mraba.

Tuliambiwa tumwite Babu. Nilimwita hivyo kwa midomo tu. Nilimchunguza kama mtoto anavyomchunguza nyoka aliye ndani ya chupa. Hakupita mbele ya dirisha. Akifika hapo aliinama. Hakuzungumza ila kwa kunong'ona, hata akiomba chumvi. Kikohozi kikimshika alijibana kitambaa mdomoni, uso ukawa mwekundu, mabega yakatikisika, na hakuna sauti iliyotoka. Alikaa kwenye pembe ambayo aliyefungua mlango hakuweza kuiona, hivyo mara nyingi ningeingia jikoni nikadhani niko peke yangu, ninywe maji, nizungumze na mdoli wangu, halafu nigeuke nimkute ananitazama. Na Anti Consuelo, aliyekuwa mchangamfu, alinyamaza. Alimpikia, alimfulia, hakumtazama usoni. Wakati wa kula alikaa amempa mgongo.

Nilifanya majaribio yangu. Kivuli alikuwa nacho. Basi asubuhi moja kabla hajaamka nilichukua unga jikoni nikaunyunyiza kwenye ngazi, kila kipandio, nikangoja chini. Nilichoka kungoja, nikaenda chumbani kuvaa nguo za shule, kisha jikoni kula uji. Alikuwa ameshakaa kwenye pembe yake, kikombe mkononi. Nikakimbilia kwenye ngazi. Unga ulikuwa vile vile, mweupe, haujaguswa. Nilichapwa kwa unga ule, lakini kiboko hakikuniuma. Niliyoyajua yalikuwa yanatisha zaidi.

Ndipo zikaanza sauti. Nikirudi kutoka shule saa ambayo wakubwa wote walikuwa kazini, nilisikia ndani ya nyumba mkwaruzo, taratibu, kama kucha zinazopita kwenye mbao. Nikifunga mlango, unakoma. Nilimwambia Mama.

"There's something in the wall."

"Ni panya tu ukutani," Mama alisema. "Nitamwambia Consuelo alete paka."

Siku iliyotokea jambo ilikuwa ya baridi, ile ambayo mchana haujai vizuri na taa za barabarani zinawaka mapema. Nilikuwa kwenye korido, begi la shule bado mkononi, mlango ulipogongwa. Katika kioo chenye ukungu niliona umbo refu na kofia ya polisi. Sikuwa na sababu ya kuogopa polisi. Nilinyoosha mkono nifungue. Mkono mwingine ukaushika wangu.

Ulikuwa baridi sana. Lakini chini ya ngozi ile nilisikia mshipa ukipiga, haraka haraka, kama wa ndege. Babu aliweka kidole mdomoni. Akanivuta mpaka kwenye kabati la chini ya ngazi, tulikohifadhi makaa, akafungua, akapita juu ya makaa bila kuyagusa, akasukuma ubao wa nyuma. Ubao ukafunguka. Nyuma yake palikuwa na nafasi nyembamba, giza tupu, yenye harufu ile ya chokaa. Akaniingiza, akaingia, akaurudisha ubao.

Polisi alikuwa anaulizia baiskeli iliyoibwa mtaani. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba marehemu amenichukua, na hapa ndipo wanapokaa. Aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake nisikie anavyopumua: polepole, kwa mdomo ulio wazi, hewa ikiingia na kutoka bila mlio. Alinifundisha hivyo gizani. Na mimi nikapumua kama yeye. Mlango ukagongwa tena, kisha kimya. Hatukutoka. Sijui tulikaa muda gani. Kwa mtoto ulikuwa muda wa kutosha kuanza kusahau miguu yangu iko wapi. Nilijiuliza kama hivi ndivyo watu wanavyokufa, bila maumivu, kwa kushikwa mkono.

Kisha nikasikia ufunguo, na sauti ya Mama.

"Wakesho?"

Nilitaka kuitika. Kidole cha mzee kilikuwa juu ya midomo yangu, hakikubonyeza, kilikuwa kimelala tu pale, lakini sauti yangu ilikuwa imekwenda mbali. Mama alikuta begi langu limeanguka sakafuni. Nilimsikia akipanda juu, akishuka, akifungua mlango wa uani, akiniita kwa majirani. Akarudi. Akaja mpaka kwenye ngazi, akasimama karibu sana, upande wa pili wa ubao, na hakuniita tena. Alianza kulia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Ilikuwa sauti ya chini, inayokatikakatika, na nilipoisikia nikawa na hakika kwamba nimekufa na ndiyo maana analia.

Kifua cha mzee kilisimama. Niliisikia pumzi yake ikikwama. Kisha, kabla sijaelewa, aliupiga ubao kwa mikono miwili, ukaanguka juu ya makaa kwa kishindo, na mwanga wa korido ukatuingia machoni.

"Mama, niko huku," nikasema, kwa Kiswahili.

Anti Consuelo aliporudi alimkuta Mama kwenye kiti cha jikoni, mimi nikiwa mapajani nimejaa vumbi jeusi. Babu alikuwa juu. Mama alizungumza kwa upole, na nilijua kwamba hasira yake ikiwa kubwa ndivyo anavyozungumza.

"Consuelo, mimi nakuheshimu. Umenitunzia mtoto. Lakini Jumamosi tunahama."

Anti alikwenda kwenye kabati, akawasha tochi, akapiga magoti kwenye makaa kwa sketi yake ya kazini. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa ameshika kigoda cha mbao. Kilikuwa kidogo, kimepigwa msasa mpaka kikawa laini, kimo cha kukaliwa na mtoto wa miaka minne au mitano.

"Vilikuwa viwili," alisema. "Chake, na hiki."

Mama akakitazama. "Cha nani? Wakesho hawezi kukikalia hicho."

"Changu," alisema Anti Consuelo, mwanamke aliyepita miaka thelathini, na akaketi sakafuni.

Ndipo aliposimulia, nami nikasikia yote, maana walisahau kunitoa. Baba yake alikuwa fundi viatu. Katika mji wao wengi hawakujua kusoma, na jioni alisimama kwenye nyumba ya chama cha vibarua akawasomea gazeti. Alikuwa na sauti ambayo watu walisema inafika mtoni. Jeshi la Jenerali lilipouteka mji, waliotafutwa kwanza walikuwa watu kama yeye, na wengi walipigwa risasi kwenye ukuta wa makaburi. Yeye alirudi nyumbani kwa siri, na mke wake akamjengea ukuta wa pili nyuma ya kitanda cha mtoto. Akatangaza kwamba mumewe amekufa vitani. Akavaa nguo nyeusi. Akaweka msalaba. Mtoto hakuambiwa, kwa sababu watoto husema.

"Nilisikia kikohozi ukutani," Anti alisema. "Mama akaniambia ni panya." Hapo Mama yangu alinitazama, akatazama pembeni. "Sikuamini. Niliamua ni mzimu wa baba. Nikawa naongea naye kila nikilala. Nilimwambia ni akina nani wamenitemea mate shuleni kwa kuwa mtoto wa adui. Nilimwambia ninavyomtaka. Miaka, Mama Wakesho. Mpaka nikawa mwanamke, nikaondoka kuja huku kufua mashuka, na siku ya kuondoka nikaugusa ukuta nikauaga. Alikuwa umbali huu." Alionyesha upana wa mkono. "Juzi wametangaza kwamba makosa ya vita yamefutwa. Nimekwenda kumzika mama, nimemkuta baba ameketi pembeni ya jeneza. Nilidhani nimepata wazimu. Halafu akakohoa, na kikohozi nikakijua."

Mama aliinuka, akaweka birika motoni.

"Ule ukuta uvunjwe," alisema. "Ukivunjwa, hatuhami."

Baba aliuvunja Jumapili baada ya kanisa, na Babu mwenyewe, aliyeujenga kwa siri nyumba ikiwa tupu, akamsaidia, akipokea mbao moja moja na kuzipanga uani kwa urefu wake. Mimi ndipo nilipomuuliza Anti kuhusu unga. Alimuuliza baba yake, akanitafsiria. Ngazi hulia katikati, alisema, lakini pembeni kabisa, pale mbao zinapoingia ukutani, hazilii. Hapo pana nafasi ya ncha ya kiatu. Nilikwenda kutazama. Kweli, unga wangu haukuwa umefika huko. Hofu ikanitoka sehemu. Sehemu nyingine ilibaki, kwa sababu sasa nilijua kwamba alikuwa hai, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulielewa kuliko mzimu.

Babu alianza kunifundisha lugha yake jioni, kwa kunong'ona, sikioni. Nilipofika sekondari mwalimu wa Kihispania aliniuliza kwa nini naisema lugha hiyo kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. Mpaka leo naisema hivyo.

Babu alikuwa hatoki nje. Miaka ilipita, haendi hata dukani Alum Rock Road. Mara moja tu alifika kizingitini, mwaka ule wachimba makaa walipogoma na kuzuia malori kwenye lango la ghala la makaa karibu nasi. Nilikuwa nyumbani na matubwitubwi. Asubuhi tulisikia mngurumo, kwanza nikadhani ni treni. Ilikuwa miguu ya watu. Wafanyakazi wa viwanda vya mji mzima walikuwa wanakuja kuwaunga mkono wachimbaji, wakiimba, mabango juu, na Baba alikuwa miongoni mwao. Babu alishuka ngazi, akafungua mlango wa mbele kiasi cha jicho.

"Baba yako yuko pale?" alininong'onezea.

"Ndiyo."

"Na polisi?"

"Wengi."

Akafunga macho. "Sasa watapiga," alisema. Alisimama ameshika ubao wa mlango, midomo ikihesabu kitu, akingoja risasi kama unavyongoja radi baada ya kuona umeme. Nilingoja naye. Nilimwona Baba kichwani mwangu, amelala barabarani, waziwazi, na viatu vyake vya kazini. Ilikuja kelele kubwa, nikapiga yowe. Zilikuwa shangwe. Lango lilikuwa limefungwa, malori hayatapita, na polisi walikuwa wamekubali. Baba alirudi amekauka koo, akaomba chai. Babu alimzunguka akimtazama mgongo, mbavu, kichwa, kama anayetafuta tundu. Hakulipata. Akapanda juu, na siku hiyo hakula.

Jenerali alikufa nikiwa nimeshaanza kuvaa kama wasichana wakubwa. Alikuwa ameugua muda mrefu, na kila siku Anti Consuelo alisikiliza redio akiwa bado na koti. Habari zilipofika alitoa chupa aliyokuwa ameificha nyuma ya magunia ya viazi, akamimina glasi, hata mimi nikapewa tone. Kwenye televisheni yetu ya kukodi tuliona watu wamejipanga kulitazama jeneza, mstari mrefu, wengine wanalia, wengine, Anti alisema, wanakuja kuhakikisha. Babu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Uso wa maiti ulikuwa wa kijivu, na wa kwake, kwa mwanga ule, ulikuwa wa kijivu vile vile.

"Kunywa, basi," Anti alisema. "Amekufa."

Mzee alitikisa kichwa. "Tungoje," alinong'ona. "Na mimi nilikuwa nimekufa."

Hakuna aliyekunywa. Anti alirudisha glasi moja moja kwenye sinki. Akazima televisheni, na katika kioo cheusi tukajiona sote.

Sasa niseme yaliyokuja mbele zaidi, nisije nikasahau. Babu alirudi kwao. Kulipokuja uchaguzi alikwenda kupiga kura, akabaki, akafa kitandani kwake, akazikwa chini ya msalaba uliokuwa na jina lake tangu zamani. Anti Consuelo hakumfuata kukaa. Alistaafu huku huku, na Mama yangu ndiye aliyemfumba macho. Lakini kabla ya hayo yote ilikuwepo alasiri moja, majuma machache baada ya mazishi ya Jenerali.

Nilikuwa nafanya kazi ya shule kwenye meza yetu, mlango wa korido ukiwa wazi. Anti alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Alikuwa amepata gazeti la kwao kutoka kwa mwenzake kazini, akalipeleka chumba kidogo cha juu bila neno, kama alivyopeleka kila kitu. Nyumba ilikuwa kimya. Halafu mwanamume akaanza kuzungumza huko juu, mwisho wa ngazi.

Hakukuwa na mwanamume kama huyo nyumbani kwetu. Ilikuwa sauti ya kijana, nene, safi, isiyo na mkwaruzo hata mmoja wa uzee, sauti ya mtu wa miaka ishirini na mitano aliyesimama mbele ya umati. Iliijaza korido, ikafika barabarani. Ilikuwa inasoma habari za gazeti, neno kwa neno, polepole, kwa watu wasiojua kusoma.

Anti Consuelo alitoka jikoni, kisu kingali mkononi. Alisimama chini ya ngazi akatazama juu gizani.

"Nani huyo?" aliuliza.

Sauti ikakoma. Tukasikia karatasi ikikunjwa. Kisha ile sauti ya kijana, bila kushuka hata kidogo, ikajibu.

"Ni mimi, mwanangu. Baba yako."

Anti hakupanda. Aliketi kwenye kipandio cha kwanza, akaweka kisu chini karibu na mguu wake, akaegemeza kichwa ukutani.

"Basi soma," alisema. "Nakusikia."